Nati Haijifungui Yenyewe

 Najua nimepotea. Mazoezi ya kufundisha yalinibana, halafu mitihani ikafuata, halafu bumu likachelewa, mnaelewa wenyewe. Leo lakini sina lalamiko la bumu wala la foleni ya kantini. Leo nazungumzia nati. Ndiyo, nati, zile za spana namba kumi na tatu, kumi na saba na kuendelea. Msicheke kwanza. Nisomeni mpaka chini, halafu kama bado mnataka kucheka, ruksa.

Huku kwetu Ngara, na kwa majirani zetu wa Biharamulo, kuna sentensi moja inayomaliza kila mjadala: "Nati ilijifungua." Tairi la trela limechomoka likaishia kwenye migomba ya watu, nati zilijifungua. Bodaboda kaanguka na abiria, nati ya ekseli ilijifungua. Mashine ya kusaga imehama kwenye msingi wake, nati ilijifungua. Ukishasema hivyo watu wanatikisa kichwa, wanatoa pole, wanasema ndiyo barabara zetu hizi, basi yameisha. Hakuna anayeulizwa. Nati imekuwa kama mtu mzima mwenye akili zake, kaamua mwenyewe kuondoka.

Mimi napinga. Nati haijifungui yenyewe. Inafunguliwa na mtikisiko, na mtikisiko unaweza kuifungua kwa sababu kuna mtu aliiacha kazi nusu: hakusafisha, hakukaza kwa kipimo, au hakurudi kuangalia. Na nasema kitu cha pili, hiki kinanihusu mimi na wenzangu tunaosomea ualimu wa fizikia: elimu ya kuzuia jambo hili iko ndani ya mada tunazofundisha shuleni, ila tunaifundisha kwa namna ambayo mwanafunzi anatoka nayo darasani bila kujua kwamba inahusu pikipiki ya baba yake.

Tuanze na bolti yenyewe, maana hapa ndipo wengi tunakosea. Tunafikiri bolti ni kama msumari wenye nati, kazi yake ni kuziba tundu vitu visitoke. Siyo. Bolti ni springi. Springi ngumu sana, lakini ni springi. Ukikaza nati unaivuta bolti, inarefuka kidogo, na kwa kuwa inataka kurudi kwenye urefu wake, inavibana vile vitu viwili ulivyovifunga. Huo mkazo ndio unaoshikilia kila kitu. Nati imekaa pale ilipo kwa sababu bolti inaivuta, na kuvutwa huko kunaleta msuguano kwenye nyuzi na chini ya nati.

Sasa swali: bolti inarefuka kiasi gani? Chukua bolti ya milimeta 12, ile iliyoandikwa 8.8 kichwani, ikiwa imebana vitu vyenye unene wa sentimeta 5. Ukiikaza vizuri inarefuka kama sehemu moja ya kumi ya milimeta. Huo ni unene wa karatasi moja ya daftari. Yaani usalama wote wa kile ulichofunga unategemea kitu chenye unene wa karatasi moja!

Ukishaelewa hilo, mambo mengi yanafunguka kichwani. Fundi akifunga gurudumu juu ya rangi mbichi, au juu ya kutu, au juu ya vumbi letu lile jekundu la Biharamulo lililogandamana, nati inaonekana imekaza kabisa. Gari likitembea, ile rangi inasagika, kutu inapondeka, vumbi linatoka. Ukipoteza unene wa nusu karatasi tu, umepoteza nusu ya mkazo. Nati haijazunguka hata kidogo, lakini tayari kitu kimelegea. Ndiyo maana dereva makini anakagua nati za tairi lililotoka kufungwa, hata kama alilifunga mwenyewe kwa mikono yake.

Hiyo ni hatua ya kwanza. Hatua ya pili ndiyo nati kuzunguka, na hapa kuna fizikia tamu sana.

Nyuzi za bolti ni mteremko uliozungushwa kwenye chuma. Kwenye ile bolti ya milimeta 12, mteremko huo una mwinamo wa kama digrii 3 tu. Mteremko mdogo namna hiyo msuguano unaushinda kirahisi, kwa hiyo nati ikiwa imetulia haiwezi kuteleza na kurudi nyuma. Basi kwa nini inarudi?

Fanya jaribio hili, halihitaji maabara. Chukua daftari lenye jalada gumu, liinamishe kidogo, weka kifutio juu. Kifutio kimetulia, sivyo? Sasa litikise daftari kwa nguvu kulia na kushoto, usilitikise juu na chini. Kifutio kinaanza kushuka mteremko, polepole, ingawa hukukisukuma kushuka. Sababu ni kwamba msuguano ukishashindwa upande mmoja, haubakizi nguvu ya kuzuia upande mwingine. Kile kitu kikishaanza kuteleza kwenda pembeni, kushuka ni bure.

Nati inafanya vivyo hivyo. Mwaka 1969 mhandisi wa Ujerumani, Gerhard Junker, alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mtikisiko unaofungua nati kwa urahisi zaidi ni ule wa pembeni, unaovifanya vitu vilivyobanwa visuguane kwenda na kurudi chini ya nati. Mtikisiko wa kuvuta bolti kwa urefu wake hauna madhara makubwa kama huo. Alitengeneza na mashine ya kupimia, na mpaka leo njia mbalimbali za kuzuia nati kulegea zinapimwa kwa mashine za aina hiyo. Funzo lake ni fupi: kama mkazo ni mkubwa wa kutosha kuzuia vitu visitelezeane, nati haizunguki. Mkazo ukipungua vikaanza kutelezeana, nati itatoka, ni suala la muda tu.

Kwa hiyo zile hatua mbili zinashikana mikono. Vumbi na rangi vinakula mkazo, mkazo ukipungua mtelezo unaanza, mtelezo ukianza nati inazunguka. Ukiikuta nati imebaki nyuzi mbili, ujue kisa kilianza siku ilipofungwa.

Sasa tuje gereji. Dawa ya kwanza ambayo fundi wengi watakupa ni springi washa, ile yenye mkato. "Hii haifunguki, mdogo wangu." Washa ndogo, bei rahisi, moyo unatulia. Lakini mwongozo wa NASA kuhusu bolti na nati, uliotoka mwaka 1990, unasema wazi kwamba washa ya namna hiyo ikishabanwa kabisa inalala bapa na inakuwa sawa na washa ya kawaida. Haizuii nati tena. Ukitaka ibaki imeinuka kama springi, basi inabidi usikaze nati ipasavyo, na hapo umeharibu zaidi.

Dawa ya pili ni nguvu. Fundi anachomeka bomba kwenye mpini wa spana, anamwita kijana apande juu yake arukeruke. Hapa tatizo ni lingine. Bolti ina mpaka wake. Ile namba 8.8 maana yake ni kwamba chuma chake kinakatika kikivutwa kwa kama nyutoni 800 kwa kila milimeta ya mraba, na kinaanza kurefuka moja kwa moja bila kurudi kikifika asilimia 80 ya hapo. Ukiivuka hiyo asilimia 80, springi yako imekufa. Imerefuka kama mpira wa suruali ya zamani. Safari hii imeshika, safari ijayo inakatika.

Halafu kuna jambo la grisi. Unapokaza nati, karibu nusu ya nguvu zako inaliwa na msuguano chini ya nati, kama asilimia 40 inaliwa na msuguano wa nyuzi, na ni kama asilimia 10 tu inayokwenda kuivuta bolti. Sasa ukipaka grisi, msuguano unapungua, na nguvu ile ile ya mkono inaivuta bolti zaidi sana. Ukiacha nyuzi na kutu, nguvu ile ile inaivuta kidogo mno, ingawa mkono wako unakwambia "imekaza hii". Mkono unapima msuguano, haupimi mkazo. Ndiyo maana watengenezaji wanaandika kwenye vitabu vyao nati ikazwe kwa kipimo gani na nyuzi ziwe kavu au na mafuta. Na ndiyo maana kuna spana yenye kipimo, ile inayolia "tk!" ikifika. Gereji nyingi nilizopita hazina.

Sasa kuna wanaosema: "Mwanafunzi wewe, tatizo ni barabara. Lami ikikamilika, hizi habari zitaisha." Nawaheshimu, maana barabara ya Lusahunga kwenda Rusumo, ile ya kama kilometa 92 inayobeba malori ya Rwanda na Burundi, wenyeji tunayakumbuka mashimo yake. Na barabara za vumbi zikishatengeneza vile vimatuta kama bati, hata meno yako yanataka kulegea. Ni kweli mtikisiko unaharakisha. Lakini siyo kisingizio.

Angalieni Uingereza. Huko hakuna mashimo wala vumbi, ni reli ya chuma. Tarehe 10 Mei 2002, treni iliacha njia Potters Bar, watu 7 wakafa. Wachunguzi walikuta nati kwenye sehemu ya kubadilishia njia zimelegea na nyingine hazipo. Kampuni iliyokuwa na kandarasi ya matengenezo ilitoa wazo kwamba huenda kuna mtu alizifungua makusudi. Wachunguzi hawakupata ushahidi wa hilo, walichokiona ni matengenezo mabovu. Mnaona? Hata Wazungu wana "nati ilijifungua" yao, wao wanaiita hujuma.

Miaka mitano haikufika. Tarehe 23 Februari 2007, Grayrigg, kaskazini ya nchi hiyo hiyo, treni nyingine ikaacha njia, mtu 1 akafa. Sehemu ile ile ya kubadilishia njia, habari ile ile ya bolti na nati. Na uchunguzi ukaonyesha kwamba ukaguzi uliotakiwa kufanywa tarehe 18 Februari, siku tano kabla, haukufanyika. Reli ilikuwa nzuri, nchi tajiri, vifaa vipo. Kilichokosekana ni mtu wa kurudi kuangalia.

Mfano mwingine unatugusa Ngara moja kwa moja. Pale Rusumo, kwenye mto Kagera, tuna mtambo wa umeme wa megawati 80 unaogawanywa kwa nchi tatu, Tanzania, Rwanda na Burundi, wenye mashine tatu za kuzungushwa na maji. Ni fahari yetu. Tarehe 17 Agosti 2009, kwenye mtambo mkubwa zaidi wa aina hiyo huko Siberia, Urusi, uitwao Sayano-Shushenskaya, mfuniko wa mashine namba 2 uliruka, maji yakajaa ukumbini, watu 75 wakafa. Mashine hiyo ilikuwa inatikisika kupita kiwango. Mfuniko ulishikwa na bolti 80. Walipokagua 49 kati ya zilizopatikana, 41 zilikuwa na nyufa za uchovu wa chuma, na angalau 6 zilionyesha hazikuwa na nati wakati mfuniko unaruka. Sisemi Rusumo kuna tatizo, narudia, sisemi hivyo. Nasema kijana wa Ngara atakayeajiriwa pale siku moja atakabidhiwa spana, na itakuwa heri kama mwalimu wake wa kidato cha pili alimwambia ile bolti inafanya nini.

Nisionekane nadharau washa zote. Washa bapa ina kazi yake. Tarehe 20 Agosti 2007 ndege ya China Airlines ilitua Naha, Japani, ikashika moto uwanjani. Watu wote 165 walitoka salama, Mungu mkubwa. Chanzo kilikuwa bolti ndani ya bawa iliyochomoka na kutoboa tangi la mafuta. Ilichomoka kwa sababu washa yake haikuwepo, na nati peke yake ilikuwa ndogo kuliko tundu. Wiki kadhaa kabla, mafundi walikuwa wamefanya kazi pale pale ya kuizuia nati isilegee! Kwa hiyo kuongeza dawa juu ya kazi isiyokamilika hakusaidii.

Basi tufanyeje? Naorodhesha, nimejitahidi iwe kwa bei ya kwetu.

Kwanza, safisha. Futa rangi, kutu na udongo pale vyuma viwili vinapogusana na pale nati inapokalia. Brashi ya waya na kitambaa tu. Hii ndiyo dawa rahisi kuliko zote na ndiyo inayorukwa kuliko zote.

Pili, kaza kwa kipimo. Najua spana ya kipimo si ya kununua kila mtu. Lakini kijiwe cha bodaboda chenye vijana ishirini wanaochangiana misiba na faini hakishindwi kuwa na moja ya pamoja. Kama mnaweza kununua turubai la pamoja, mnaweza.

Tatu, chora mstari. Ukishakaza, chukua rangi, hata ile ya kucha, chora mstari mmoja unaoanzia kwenye nati mpaka kwenye chuma kilicho pembeni. Nati ikisogea, mstari unakatika, unaona kwa macho bila spana. Vile vishale vya plastiki vya manjano kwenye matairi ya malori ya safari ndefu vina kazi hiyo hiyo: vikiacha kuelekeana, dereva anajua. Kumbuka tu kwamba mstari unaonyesha nati iliyozunguka, hauonyeshi mkazo ulioliwa na kutu na rangi. Kwa hiyo hauondoi hatua ya nne.

Nne, rudi. Watengenezaji wengi wa magari hushauri nati za tairi lililotoka kufungwa zikazwe tena ndani ya kilometa 50 hadi 100 hivi za mwanzo. Hebu piga hesabu ya kwetu: umefungiwa tairi Lusahunga, ukifika Benaco simama. Shuka, kagua, kaza. Dakika kumi, hata chai hujaimaliza. Baada ya pale una milima ya kwetu, na milima ya Ngara haina utani.

Tano, weka kizuizi kinachofaa mahali panapofaa. Nati ya ekseli yenye meno juu inahitaji pini yake, siyo kipande cha waya wa uzio. Nati yenye plastiki ndani ni nzuri, lakini plastiki haipendi moto, kwa hiyo usiipeleke kwenye ekzosi. Ukifunga nati mbili, ile nyembamba inatangulia chini na nene inakaa juu, kisha unaishika ya chini kwa spana moja wakati unakaza ya juu. Wengi tunaziweka kinyume kwa sababu kwa macho inapendeza zaidi. Na kuna gundi ya nyuzi, Loctite na zinazofanana nayo. Hiyo iliyobuniwa mwaka 1953 na Vernon Krieble, mwalimu wa kemia kwenye chuo kimoja cha Marekani (naomba mlitambue hilo neno, mwalimu), haigandi ikiwa hewani, inaganda ikifungiwa kati ya vyuma. Ya bluu unaweza kuifungua kwa spana, nyekundu mpaka uipashe moto. Usiweke nyekundu kwenye kitu unachokifungua kila mwezi, utamtukana fundi bure.

Nilipokuwa mazoezini Biharamulo nilimkuta fundi mmoja wa baiskeli na pikipiki, mtu mzima. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, tukaongea. Hajawahi kumsikia Junker wala NASA. Lakini kila nati ya ekseli aliyoifunga aliichora mstari wa rangi nyeupe, na kila mteja alimwambia: "Kesho pita hapa niiguse, sikutozi." Nikamwuliza kwa nini asitoze. Akasema, "Mwalimu, hiyo ya kesho ni sehemu ya kazi ya leo." Sijasikia mhadhara wa chuo uliosema hivyo kwa maneno machache zaidi.

Na hapa ndipo nageukia kwetu, walimu wa kesho. Sisi tulisoma mashine rahisi kidato cha pili. Mojawapo ilikuwa jeki ya skrubu. Tulikokotoa uwiano wa mwendo, tukakokotoa ufanisi, tukapata ufanisi chini ya asilimia 50, tukaandika kwenye daftari kwamba hasara inatokana na msuguano, tukapiga mstari mara mbili, tukahamia mada nyingine. Hakuna aliyetuambia kwamba ile "hasara" ndiyo inayofanya jeki isishuke ukiachia mpini, na ndiyo hiyo hiyo inayoshika nati ya basi lililotuleta shuleni. Tuliandikishwa kama kasoro kitu ambacho ndicho kinatuweka hai barabarani.

Tena tuliisoma kwa Kiingereza. Jioni unapita gereji, fundi anaongea msuguano, mkazo, kulegea, kwa Kiswahili na kwa Kihangaza, na wewe mwenye alama B ya fizikia huoni kwamba ni kitu kimoja. Yeye ana mikono bila sababu, wewe una sababu bila mikono. Kila mmoja anamwona mwenzake hajui.

Ningependa mwalimu wa fizikia wa Rulenge au Nyakahura awapeleke wanafunzi kwenye baiskeli, kitu ambacho kila kijiji kinacho. Awaulize kwa nini pedali ya kushoto inakazwa kwa kuzungusha kinyume cha saa na ya kulia inakazwa kama nati ya kawaida. Wengi hawajawahi kugundua. Halafu awaambie washike kalamu kwenye ngumi iliyolegea, wazungushe ncha yake kama wanachora duara hewani. Wataona kalamu inajiviringisha kuelekea upande wa pili. Pedali nayo, ikibebeshwa uzito wa mguu kila mzunguko, inajiviringisha vivyo hivyo. Watengenezaji wakazipanga nyuzi ili kujiviringisha huko kukaze badala ya kufungua. Kipindi kimoja, hakuna umeme wala maabara, na mtoto hatasahau maisha yake yote kwamba mtu akifikiri mapema, mtikisiko unaweza kufanywa rafiki.

Najua wengine mtasema tatizo ni spea feki. Zipo, na zinaua. Lakini bolti nzuri iliyofungwa juu ya udongo bila kukaguliwa tena inalegea vile vile. Wengine mtasema kuna stika ya usalama kwenye kioo. Stika inasema gari lilikuwaje siku ile lilipokaguliwa. Haijui kwamba jana usiku umebadilisha tairi gizani.

Kwangu hili si la kitabuni. Kaka yangu ni bodaboda. Anabeba watoto wa shule asubuhi, mchana anabeba ndizi, na usiku akipigiwa simu anampeleka mjamzito Murgwanza kwenye mteremko na ukungu. Pikipiki yake ina nati mbili ambazo, mojawapo ikitoka, hakuna breki wala maombi yatakayosaidia: ya gurudumu la mbele na ya gurudumu la nyuma. Mbili tu. Zote mbili sasa zina mstari mweupe, pini mpya, na kila alfajiri anazimulika kwa tochi ya simu kabla hajapiga kiki. Inamchukua sekunde kumi. Wenzake walimcheka wiki mbili, siku hizi wanaazima rangi.

Kwa hiyo wadau, ombi langu ni dogo. Siku nyingine mtu akikwambia nati ilijifungua, usitikise kichwa. Mwulize kwa upole: ilifungwa lini, juu ya nini, na nani alirudi kuiangalia? Tukizoea kuuliza hayo maswali matatu kwenye gereji, stendi na vijiweni, nati nyingi zitabaki mahali pake.

Nawasilisha. Walimu wenzangu, tukutane kwenye semina ya kesho saa mbili, na aliyeazima kikokotoo changu akirudishe.